Seli Hai au Seli za Kikaboni? Uhakiki wa Istilahi za Utafiti wa Umemejua

1. Utangulizi

Elimu mpya inapoingia katika nchi huingia pamoja na maneno yake. Maneno hayo yasipopokewa kwa uangalifu hukaa pasipo pao, na kuyang'oa baadaye huwa kazi nzito kuliko ilivyokuwa kuyapanda. Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi zinazotumika, au zinazoelekea kutumika, katika fani moja changa ya sayansi: utafiti wa seli zinazogeuza mwanga wa jua kuwa umeme, ambazo badala ya silikoni hutengenezwa kwa kampaundi za kaboni.

Fani hii ina mvuto mkubwa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, na sababu yake ni rahisi kueleza. Silikoni huyeyuka katika nyuzi 1414 za Selsiasi, na kuisafisha mpaka ifae kwa umeme ni kazi ya viwanda vikubwa. Kampaundi za kaboni huyeyushwa katika kimiminiko, mmumunyo ukamiminwa juu ya kipande cha kioo, kioo kikazungushwa kwa kasi, na utando ukabaki. Mwanafunzi mwenye maabara ya kiasi na msimamizi mwangalifu anaweza kuanza na kumaliza kazi ya namna hiyo katika muda wa shahada yake. Aidha, suala lenyewe linahusu nishati na mazingira, mambo mawili yanayomgusa kila mwananchi.

Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki tasnifu za sayansi huandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo habari zake hazikomei maktabani. Mwalimu wa sekondari huulizwa na wanafunzi wake juu ya sola za plastiki walizozisikia. Ofisa wa halmashauri hutakiwa kuandaa muhtasari kwa ajili ya kikao. Mfasiri hupewa ikisiri aigeuze kwa Kiswahili kabla ya ofisi kufungwa. Kila mmoja wao huchukua neno lililo karibu. Tatizo letu linaanzia hapo, kwa sababu neno lililo karibu si lazima liwe neno lililo sahihi, na kikao kitakachosoma muhtasari huo ndicho kitakachoamua shule ya kata ifungiwe nini juu ya paa lake.

2. Ikisiri ya mfano

Ili mjadala usielee hewani, tuchukue ikisiri fupi. Si ya mwanafunzi yeyote. Mwandishi wa makala haya ameitunga makusudi ili ikusanye pamoja makosa ambayo mfasiri mwenye haraka anaweza kuyafanya:

"Mtafiti ametengeneza seli hai za jua zenye filamu nyembamba, ambamo wafadhili na wapokeaji wameunganishwa kwa wingi. Seli hizo zina nguvu ya asilimia 12 na maisha marefu. Kwa kuwa ni hai, seli hizo ni nishati safi na ni rafiki wa mazingira."

Sarufi yake haina kasoro kubwa. Msomaji ataisoma bila kukwama, na hilo ndilo linalotia hofu. Sentensi iliyovunjika humwonya msomaji kwamba kuna jambo halikwenda sawa. Sentensi nyofu yenye istilahi potofu humpeleka shimoni huku akiamini kwamba yuko barabarani. Na tuzichunguze istilahi hizo moja baada ya nyingine.

3. Neno "hai" na safari yake

Kosa kubwa kupita yote limo katika neno "hai". Asili yake inafahamika. Katika kilimo, neno la Kiingereza linalotumika hapa limefasiriwa "hai", na kilimo kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani kimeitwa "kilimo hai". Tafsiri hiyo ni nzuri, nasi hatuna ugomvi nayo. Mkulima wa namna hiyo hutegemea udongo wenye viumbe ndani yake, minyoo na vijidudu vinavyoozesha majani, hata neno "hai" linaeleza jambo la kweli. Tangu mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja cha mazao hayo, na alama yake sokoni ni Kilimohai. Neno limekita mizizi, na liachwe lilipo.

Katika kemia hali ni tofauti kabisa. Zamani wanakemia wa Ulaya waliamini kwamba kampaundi zinazopatikana katika miili ya mimea na wanyama haziwezi kutengenezwa pasipo uhai, wakazitenga na kampaundi za mawe na chumvi kwa jina lenye maana ya viungo vya mwili. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler, Mjerumani, alitengeneza urea katika maabara kwa kutumia kampaundi zisizotoka katika kiumbe. Urea ni kitu kilichomo katika mkojo. Tangu hapo imani ile ilianza kuporomoka, na siku hizi jina lile katika kemia lina maana ya kampaundi za kaboni, ziwe zimetoka katika jani, katika petroli au katika chupa ya maabara. Waingereza wamelihifadhi jina na kulibadili maana. Mfasiri anayeandika "hai" katika kemia hafasiri maana ya leo. Anafufua imani iliyokwisha kuachwa na kuileta kwetu kama kwamba ni habari mpya.

Madhara yake ni dhahiri. Kwanza, "seli hai" tayari ni istilahi ya biolojia, yenye maana ya seli ya kiumbe ambayo haijafa. Mwanafunzi wa kidato cha pili atakayesoma "seli hai za jua" atakuwa na haki ya kudhani kwamba habari inayozungumzwa ni ya majani ya mimea. Pili, kilicho hai hufa na kuoza. Msomaji atatarajia kwamba seli iliyochakaa itatupwa jalalani iwe mboji. Lakini polima zitumikazo katika seli hizi ni ndugu za plastiki, na mara nyingi hutandazwa juu ya karatasi za plastiki ili zipindike. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Serikali zilizofanya hivyo kwa sababu plastiki haiozi hazistahili kuandikiwa muhtasari unaoiita plastiki nyingine "hai". Tatu, neno "hai" limekuwa neno la sifa. Chakula cha kilimo hai huuzwa kwa bei ya juu kwa kuwa mnunuzi anaamini kwamba ni bora. Seli ikiitwa hai huazima sifa hiyo pasipo kuifanyia kazi.

Yako mapendekezo mawili ya kulibadili neno hilo. La kwanza ni kutohoa na kusema "oganiki". Ubaya wake ni kwamba neno hilo nalo limekwisha kuingia madukani pamoja na mboga na mafuta ya nywele, na limebeba sifa ile ile. La pili ni "kikaboni". Hili linampa msomaji habari ya kweli, kwamba kitu hiki kimejengwa kwa kaboni, na halimpi ahadi yoyote. Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba almasi ni kaboni, na hewa ukaa ina kaboni, wala hazihesabiwi katika tawi hilo la kemia. Ni kweli. Lakini istilahi si fasili. Ni mpini wa kushikia dhana, na fasili huja baadaye katika kamusi. Hata Kiingereza hakikutoa fasili katika neno lake. Mwandishi wa makala haya anaonelea kwamba "ya kikaboni" lichukuliwe, na "hai" libaki shambani.

4. "Seli" na "jua"

Neno "seli" limeelemewa. Biolojia inalitumia kwa chembe ya mwili. Polisi wana seli za mahabusu. Wauzaji wa betri wana seli kavu. Na sasa umeme wa jua unalidai. Hata hivyo si busara kulifukuza, kwa sababu limezoeleka, na maneno yenye maana nyingi si aibu katika lugha yoyote. Kinachotakiwa ni kwamba katika fani hii lisitembee peke yake. Msomaji apewe jina kamili pale linapotokea mara ya kwanza, na mwandishi afupishe baadaye.

Jina kamili liwe lipi? "Seli ya jua" limeenea, lakini lina utata: liko jua linalopasha maji moto katika matangi ya juu ya paa, nalo halina umeme ndani yake. Mitaani watu husema "sola", wakiwa na maana ya mtambo mzima, yaani paneli, betri, taa na waya. Fundi akisema kwamba amefunga sola hakusudii seli moja. Kwa hiyo "umemejua", neno ambatani lililokwisha kuanza kutumika, linafaa zaidi: seli ya umemejua ni ile inayotoa umeme kutokana na mwanga wa jua. Seli nyingi zikiungwa pamoja ndizo hufanya paneli. Mfasiri asichanganye viwili hivyo, kwa maana seli nyingi za kikaboni zinazotengenezwa na wanafunzi huwa ndogo kuliko kucha ya kidole, na msomaji aliyeambiwa "paneli" atafikiria bapa la kufunika mlango.

5. "Wafadhili", "filamu" na "kwa wingi"

Hapa tunaingia katika kiini cha sayansi yenyewe, na mfasiri asiyeelewa jinsi seli inavyofanya kazi hawezi kuokolewa na kamusi.

Katika silikoni mwanga ukigonga huachilia elektroni, nayo huwa huru kwenda zake karibu mara moja. Katika kampaundi za kikaboni sivyo. Elektroni iliyogongwa huacha nyuma yake nafasi tupu, na viwili hivyo hubaki vimefungamana kama jozi. Jozi hiyo huitwa eksitoni. Inaweza kusafiri kiasi cha nanomita 10 tu kabla elektroni haijarudi mahali pake na nishati ikapotea bure. Ili jozi itengane, lazima ifike kwenye mpaka wa vitu viwili: kimoja kinachoachia elektroni kwa wepesi, na kingine kinachoipokea kwa wepesi.

Vitu hivyo viwili ndivyo mfasiri wetu alivyoviita "wafadhili na wapokeaji". Neno "mfadhili" lina heshima yake katika mikutano ya misaada na katika vyama vya hisani, lakini polima haimfadhili mtu. Hata "mtoaji" lina kasoro, kwa kuwa ngeli ya M-WA huleta picha ya mtu mwenye hiari. Kiswahili kina ngeli ya KI-VI kwa ajili ya vitu vyenye kazi maalumu: kichujio huchuja, kipitishi hupitisha, kihami huhami. Basi iwe "kitoaji elektroni" na "kipokeaji elektroni". Sarufi yetu wenyewe imekwisha kutoa jibu. Hatuna haja ya kwenda kuliazima.

Nafasi tupu inayoachwa na elektroni nayo ina mjadala wake. Wengine huiita "tundu", wengine "shimo", na wengine "pengo". Shimo lina kina na huchimbwa, kwa hiyo halifai. Pengo linavutia, kwani jino lililong'oka huacha pengo, na picha hiyo inafanana sana na dhana yenyewe. Lakini wanafizikia wanahitaji "pengo" mahali pengine: kiasi cha nishati ambacho elektroni haina budi kukiruka ili iwe huru huitwa pengo la nishati. Dhana mbili zinazokaa katika ukurasa mmoja haziwezi kugawana neno moja. Kwa hiyo "tundu" lishike ile nafasi, na "pengo" lishike ile nishati.

"Filamu nyembamba" ni tafsiri ya neno kwa neno. Filamu kwa Waswahili ni sinema, au ule ukanda uliotiwa katika kamera za zamani. Kinachozungumzwa hapa ni kitu kilichotanda juu ya kioo kwa unene wa nanomita 100 hivi, ilhali unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kiswahili kina "utando". Buibui anao, na maziwa yaliyochemshwa yakapoa huwa nao juu. Halihitaji hata kivumishi "mwembamba", kwa kuwa utando mnene haupo.

Linabaki fungu la maneno "wameunganishwa kwa wingi", ambalo halina maana yoyote. Ili tulirekebishe hatuna budi kurudi katika historia. Mwaka 1986 Ching W. Tang, mtafiti wa kampuni ya Eastman Kodak huko Marekani, alitangaza seli ya kikaboni yenye tabaka mbili, moja juu ya nyingine, iliyofikia ufanisi wa karibu asilimia 1. Mpaka wa tabaka zile ulikuwa mmoja na bapa, na eksitoni zilizozaliwa mbali nao zilipotea. Mwaka 1995 kundi la watafiti wa Santa Barbara, akiwamo Alan Heeger, lilichanganya kitoaji na kipokeaji katika mmumunyo mmoja, hata utando ulipokauka mpaka ukawa umeenea ndani ya mwili wake wote. Eksitoni ikizaliwa popote iko karibu na mpaka. Heeger huyo, pamoja na Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa, alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2000 kwa kazi yao ya polima zinazopitisha umeme.

Mpango ule wa kwanza tunaweza kuuita "kiungo bapa". Wa pili twapendekeza uitwe "kiungo mseto". Mseto ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa chungu kimoja. Vimechanganyika kabisa, na bado mlaji anaona punje hii ni mchele na hii ni choroko. Utando wa seli hizi uko hivyo hivyo: kitoaji na kipokeaji havikuyeyukiana vikawa kitu kimoja, kwani vingefanya hivyo mpaka ungepotea, wala havikutengana, kwani eksitoni zisingeufikia. Neno hili limekwisha kuzoea kazi nyingine pia, katika kilimo mseto na serikali ya mseto, na kote huko limehifadhi maana ya vitu vilivyokutana bila kupoteza asili zao. Ni nadra neno la jikoni kuikamata dhana ya maabara kwa usahihi kiasi hiki.

6. "Nguvu ya asilimia 12"

Neno "nguvu" limefanywa mtumwa wa kila kazi. Mwanafizikia hutofautisha kani, inayosukuma au kuvuta. Nishati, ambayo ni uwezo wa kufanya kazi. Na kasi ya kutolewa kwa nishati, inayopimwa kwa wati. Magazeti huyaita yote "nguvu". Paneli ya wati 100 ikipata jua kamili kwa saa 5 hutoa nishati ya wati-saa 500. Wati ni jambo moja na wati-saa ni jingine, kama vile mwendo wa basi ulivyo tofauti na umbali wa safari. Ofisa anayeagiza mitambo kwa zahanati akichanganya mambo hayo mawili, jokofu la chanjo halitafika asubuhi.

Zaidi ya hayo, asilimia si kipimo cha nguvu. Kinachopimwa kwa asilimia ni ufanisi: sehemu ya nishati ya mwanga inayogeuka kuwa umeme. Nao hupimwa chini ya masharti yaliyokubaliwa na mataifa, yaani mwanga wa wati 1000 kwa kila mita mraba na seli ikiwa katika nyuzi 25 za Selsiasi. Juu ya paa la bati saa sita mchana katika mji wa pwani joto la paneli hupita kiwango hicho kwa mbali. Mfasiri anayeyaacha masharti hayo kwa kisingizio cha kufupisha ameacha nusu ya habari.

Tahadhari nyingine inahusu hesabu. Ufanisi ukipanda kutoka asilimia 10 hadi asilimia 12, haukupanda kwa asilimia 2. Umepanda kwa pointi 2 za asilimia, na ongezeko lenyewe ni asilimia 20 ya ule wa awali. Kauli zote mbili zinaweza kuwa kweli, na mwenye kutaka kusifia kazi yake atajua aichague ipi. Wajibu wa mfasiri ni kuandika namba zote mbili, ule wa mwanzo na ule wa mwisho.

Tumalizie sehemu hii kwa istilahi moja ambayo mafundi wametutangulia. Mtafiti hupima mkondo wa seli pale ncha zake mbili zinapounganishwa moja kwa moja, pasipo taa wala mashine katikati. Wafasiri hujaribu "saketi fupi", wakati urefu wa saketi si hoja. Fundi wa umeme yeyote husema "shoti". Neno limetoka nje, lakini limekwisha kuwa letu. Twapendekeza "mkondo wa shoti", kwa sharti kwamba mwandishi aeleze mara moja kuwa katika kipimo hiki shoti hufanywa kwa makusudi na haina hatari. Vinginevyo msomaji atadhani kwamba maabara iliungua.

7. "Safi", "rafiki" na "maisha marefu"

Sehemu hii inagusa sayansi ya mazingira, nayo ndiyo yenye uzito mkubwa kwa watumishi wa umma.

"Nishati safi" ina maana gani? Nchini Tanzania Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, umeiingiza gesi ya mitungi katika nishati safi. Kwa shabaha ya mkakati huo ni sawa, kwa sababu usafi unaokusudiwa ni wa jiko lisilomjaza mama moshi kifuani, na miti isiyokatwa kwa ajili ya mkaa. Lakini gesi hiyo hutokana na mafuta na gesi ya ardhini, na ikiungua hutoa hewa ukaa. Mwanafunzi wa umemejua akisema "safi" hukusudia jambo jingine. Kwa hiyo neno hili lisitumike katika ikisiri ya sayansi bila kutaja kilichosafishika: halina moshi, au halitoi hewa ukaa linapotumika, au halina sumu. Ambapo dhana ni ya nishati isiyokwisha kwa kutumiwa, tunalo neno "jadidifu", na litumike hilo.

"Rafiki wa mazingira" ni kosa la namna ile ile, ila limevaa nguo nzuri zaidi. Si kila seli ya kikaboni iliyo na urafiki huo. Vimiminiko vilivyotumika sana kuyeyushia kampaundi hizi ni klorobenzini na kloroformi, navyo ni sumu. Ncha ya mbele ya seli mara nyingi hutengenezwa kwa oksidi ya indiamu na bati, na indiamu ni metali adimu. Wapo watafiti wanaotafuta viyeyushi visivyodhuru na ncha za aina nyingine, na kazi hiyo ni sehemu ya heshima ya fani hii. Lakini mfasiri akimwaga neno "rafiki" juu ya kila seli, humnyang'anya mwanafunzi aliyefanya kazi ngumu ya kuondoa sumu tofauti yake na yule asiyeifanya.

"Maisha marefu" huirudisha ile picha ya uhai tuliyoikataa. Isemwe "muda wa kudumu". Nao usisemwe kwa kivumishi. Usemwe kwa namba. Paneli za silikoni aghalabu huuzwa kwa dhamana ya miaka 25 hivi. Seli za kikaboni hudhoofishwa na oksijeni, unyevu na miale ya urujuanimno, na udhaifu huo ndio uliozichelewesha kufika sokoni, ingawa ufanisi wake katika maabara umekwisha kuvuka asilimia 19. Hapa pia tutenganishe maneno: kifaa huchakaa, mazingira huharibiwa, na takataka huoza. Kiingereza kinaweza kuyaeleza yote matatu kwa neno moja. Kiswahili kina matatu, na ni hasara kuyaunganisha kwa kuiga.

8. Ikisiri iliyorekebishwa na orodha ya istilahi

Sasa tuirudie ikisiri yetu. Namba zilizomo ni za mfano tu:

"Mtafiti ametengeneza seli za umemejua za kikaboni zenye utando wa unene wa nanomita 100, ambamo kitoaji elektroni na kipokeaji elektroni vimefanya kiungo mseto. Ufanisi wa seli hizo, ulipopimwa kwa mwanga wa wati 1000 kwa mita mraba katika nyuzi 25 za Selsiasi, ulikuwa asilimia 12. Baada ya saa 500 za kumulikwa ulishuka hadi asilimia 9. Seli hazitoi hewa ukaa zinapotumika. Katika kuzitengeneza kilitumika kiyeyushi chenye sumu."

Ni ndefu kidogo kuliko ile ya kwanza, na haina sifa. Lakini kikao kikiisoma kitajua kwamba kazi ya mwanafunzi ni nzuri, kwamba bado haijafika kwenye paa la shule, na kwamba liko swali la sumu linalongoja jibu. Hayo yote yalikuwa yamefichwa na neno "hai".

Istilahi zinazopendekezwa ni hizi:

Seli ya umemejua: kifaa kinachogeuza mwanga wa jua kuwa umeme.
Ya kikaboni: iliyojengwa kwa kampaundi za kaboni.
Utando: tabaka la unene mdogo sana lililotandazwa juu ya kitu kingine.
Eksitoni: jozi ya elektroni na tundu zilizofungamana.
Tundu: nafasi iliyoachwa na elektroni.
Pengo la nishati: kiasi cha nishati ambacho elektroni haina budi kukiruka ili iwe huru.
Kitoaji elektroni, kipokeaji elektroni: kampaundi inayoachia, na inayopokea, elektroni kwa wepesi.
Kiungo bapa, kiungo mseto: mpaka mmoja kati ya tabaka mbili, mpaka ulioenea katika utando wote.
Mkondo wa shoti: mkondo unaopimwa ncha za seli zikiunganishwa moja kwa moja.
Ufanisi: sehemu ya nishati ya mwanga inayogeuka kuwa umeme.
Muda wa kudumu: muda ambao seli huendelea kufanya kazi kwa kiwango kilichotajwa.
Kiyeyushi: kimiminiko kinachoyeyusha kitu kingine.

9. Hitimisho

Wapo wenye maoni kwamba kazi hii yote haina haja, na kwamba itoshe kuyatohoa maneno ya kigeni kama yalivyo. Hatukubaliani nao kwa jumla, wala hatuwapingi kwa kila neno. Majina ya chembe na ya kemikali, kama elektroni, eksitoni na indiamu, yanatumika duniani kote, na kuyabuni upya ni kujitenga. Lakini maneno yanayoeleza kazi, umbo au sifa ya kitu, msomaji hana budi kuyaelewa kwa kuyasikia tu, na hayo yatoke katika hazina yetu: utando, mseto, tundu, pengo. Kanuni ya kupambanua si ngumu: jina la kitu latoholewa, maelezo ya kitu yafasiriwa.

Jambo la mwisho linawahusu wanafunzi wenyewe. Kamati ya istilahi, hata ikiwa na wataalamu hodari, huwa nyuma ya maabara. Mwanafunzi aliyekaa miezi mingi na utando wake anaijua dhana hiyo kuliko mfasiri atakayeipata kwenye karatasi. Ingefaa basi kila tasnifu ya sayansi katika vyuo vyetu iwe na ikisiri ya Kiswahili iliyoandikwa na mwanafunzi mwenyewe, ikasomwa na mwalimu wa Kiswahili, na istilahi zake zikapelekwa kwa chombo chenye mamlaka ya kusanifisha. Kwa njia hiyo neno lingefika barazani pamoja na mtu anayeweza kulitetea.

Mapendekezo yaliyotolewa hapa si sheria. Wafasiri, walimu na maofisa wanaoyaona yana kasoro wanaombwa waandike, waeleze sababu, na walete neno lililo bora. Kukataa bila kuleta badala hakutamsaidia ofisa ambaye muhtasari wake unatakiwa kesho asubuhi.